Mbuzi Hakumweka

Kisiwa cha Pag, enzi za watawala wa Venisi

Wanasema kaka yangu, Matul Škarić,
aliukwea Velebit siku saba,
akala asali viganjani mwa mavila,
wale mabinti wa mawingu
wanaoficha kwato za mbuzi chini ya kanzu nyeupe.
Mimi ndiye niliyemfulia mashati.
Hata mlangobahari hakuuvuka.

Alikuwa karani wa chumvi.
Asubuhi, kwa Kilatini: magunia mia na arobaini.
Mchana, kwa Kivenisi: ushuru haujalipwa.
Jioni alifunga daftari la serikali, akafunga na mlango,
akaandika kwa lugha ambayo mama
alituitia uji na kututukania.
Nikamuuliza, nani atasoma?
Akasema, wewe.
Nami kusoma sikujua.

Basi akanifundisha kwa kidole
juu ya chumvi iliyotandazwa.
A ilikuwa paa la nyumba. S, nyoka wa ukutani.
Bura ikishuka kutoka mlimani
ilifuta somo zima kabla sijalimaliza;
ndiyo maana hadi leo nasoma mbiombio,
kama anayekula na mbwa yuko mlangoni.

Mwaka ule vijiji vya ng'ambo viliungua.
Tuliuona moto, shanga nyekundu ubavuni mwa mlima.
Siku ya tatu wakaletwa wakimbizi,
na kati yao Dragojla, na mbuzi wake.
Nywele kanyolewa kwa ajili ya chawa.
Alilala ghalani kwetu majuma sita,
hakusema na mtu, alisema na mbuzi.
Nyayo zilikuwa zimekauka kwa kutembea,
zikigonga sakafu ya mawe: ko, ko.
Matul alisikiliza. Hakulala.
Mshumaa wangu wa Pasaka akaumaliza wote.

Kisha akanisomea:

    Nywele zake ni dhahabu,
    nyayoze hazina tabu,
    kicheko chake jawabu,
    mlima ukasikia.

Nikamwambia, muongo wewe.
Dhahabu gani? Kichwa kile nilikiosha kwa siki, mikono yangu hii.
Na kicheko ulikisikia wapi?
Weka upara. Weka mbuzi. Weka ko, ko.
Akaishika kalamu, akailaza.
Stana, akasema, kitabu hakijengwi kwa chawa.
Tukanuniana hadi mavuno ya chumvi.

Dragojla aliondoka bila kuaga.
Aliacha kamba ya mbuzi msumarini.

Matul akaenda Venisi na karatasi zake ndani ya pipa la dagaa.
Mchapaji akamwambia, sauti zenu hizi
sina herufi zake.
Akamkopesha za jirani, mbili kwa moja, tatu kwa moja,
kama mtu anayeziba shati jeusi kwa kitambaa cheupe.
Matul alilipa. Homa ikamlipa yeye.
Vikarudi vitabu vitatu, yeye hakurudi.

Kimoja alichukua askofu. Kimoja mkuu wa forodha,
aliyekiweka chini ya mguu mfupi wa meza.
Cha tatu ninacho.
Majira mawili ya baridi sikukifungua.
Nilikuwa bado nimenuna.

Halafu usiku mmoja wa bura,
chumvi ikipiga dirisha kama mchanga,
nikakifungua. Nikafika ukurasa wa sitini na moja.
Yupo. Nywele zile zile za uongo.
Nikataka kukitupa motoni. Nikageuza:

    Akaivua dhahabu,
    akaiweka karibu;
    kichwa kisicho aibu
    mwezi ukamwangukia.

Na chini yake, peke yake katika mstari,
kwa herufi za kukopa:
ko, ko.

Nilikaa. Moto ukazimika, sikuona.

Siku hizi huja vijana kutoka Zadar, wana wino vidoleni,
wananiuliza njia aliyopita mlimani.
Nawaonyesha ule mlima. Nawauzia chumvi.
Wakiniuliza kama mavila ni kweli,
nawaonyesha ile kamba kwenye msumari.

Lakini mbuzi hakumweka.
Nimesoma mwanzo hadi mwisho, mara nne.
Hilo bado sijamsamehe.